Ajuaye Hatari na Bado Haendi Kituoni: Utangulizi wa Saikolojia ya Afya

Matini ya mhadhara kwa wakazi wa kata



Msukuma anapomwamkia jirani yake asubuhi kwa "mwangaluka", maamkizi hayo hufika kwenye neno "mhola". Neno hilo halisemi kwamba joto la mwili ni la kawaida, wala kwamba kipimo cha malaria kimetoka hasi. Linabeba amani, utulivu na mambo kwenda sawa. Ndiyo maana maamkizi hayaishii hapo bali huendelea kuwauliza watoto, mifugo na mvua. Kiswahili nacho kina neno "uzima", linalotokana na kitu kisichopungua wala kuvunjika: chungu kizima, mkate mzima, mtu mzima. Kwa wazee waliotuachia maneno haya, mtu mwenye afya alikuwa mtu ambaye hakuna kilichokatika ndani yake, wala kati yake na wenzake.

Mhadhara huu unahusu elimu iitwayo saikolojia ya afya. Jina hilo huwatisha wengi, kwa kuwa neno saikolojia likitajwa watu hufikiri habari za wagonjwa wa akili. Sivyo. Wagonjwa wa akili wana madaktari wao na elimu yao. Saikolojia ya afya inamchunguza mtu wa kawaida kabisa: mama anayeamua aende kliniki leo au wiki ijayo, dereva wa bodaboda asiyevaa kofia ngumu, mzee anayeacha dawa za presha kwa sababu kichwa kimeacha kuuma. Inauliza jinsi mawazo, hofu, mazoea na watu wanaomzunguka mtu vinavyoingia katika kuugua kwake na kupona kwake. Kwa mji kama Katoro, ambao wengine huamka kwenda sokoni na wengine kwenda machimboni, maswali hayo si ya darasani.

Ni vema kwanza kueleza fikra za afya zilivyobadilika. Mwaka 1882 daktari wa Kijerumani Robert Koch alitangaza kwamba amemwona mdudu asababishaye kifua kikuu. Tangu wakati ule tiba ya hospitali ilipata nguvu kubwa kutokana na wazo moja: kila ugonjwa una chanzo chake ndani ya mwili, na chanzo kikiondolewa mtu hupona. Mwili ulitazamwa kama mashine, na daktari kama fundi. Wazo hilo halifai kubezwa. Yeyote aliyewahi kumfikisha zahanati mtoto aliyelegea kwa malaria, kisha akamwona siku chache baadaye akikimbiza kuku uani, anajua thamani ya fundi huyo.

Lakini mashine haina hofu, haina deni, haina mume anayekataza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mataifa yalipounda Shirika la Afya Duniani, katiba yake iliyotiwa saini mwaka 1946 na kuanza kazi tarehe 7 Aprili 1948 ilieleza afya kuwa hali ya ustawi kamili wa mwili, akili na maisha ya kijamii, wala si kukosa maradhi tu. Wapo wataalamu waliolalamika kwamba neno "kamili" limezidi, na hawakukosea sana: kwa kipimo hicho, ifikapo mwisho wa wiki ya mavuno mabaya hakuna hata mmoja mwenye afya katika soko zima. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa. Mwaka 1977 daktari wa Marekani George Engel aliandika kwamba mgonjwa hawezi kueleweka kwa mwili wake peke yake. Lazima mwili, nafsi na jamii vitazamwe pamoja. Mwaka uliofuata, mkutano wa Alma-Ata ulitangaza afya ya msingi kuwa haki inayotakiwa kumfikia kila mtu alipo, na wananchi washiriki kuipanga. Tanzania haikuwa mgeni wa fikra hiyo: baada ya Azimio la Arusha la 1967 nchi ilikuwa imekwisha anza kuelekeza nguvu zake kwenye zahanati na vituo vya vijijini.

Hayo yatosha kwa historia. Sasa achukuliwe mtu mmoja wa mfano, ambaye kila mkazi wa hapa anamfahamu ingawa hana jina. Ana miaka thelathini na kitu, anafanya kazi katika duara upande wa Lwamgasa au Nyarugusu. Anachoronga mwamba, anapandisha viroba, wakati mwingine anasimamia karasha. Ana kikohozi cha mwezi wa pili sasa. Usiku anatoa jasho, na mkanda wake umeongezwa tundu moja. Amesikia redioni kwamba anayekohoa wiki mbili au zaidi anapaswa kupimwa kifua kikuu. Anajua kwamba kipimo hakilipiwi na dawa hazilipiwi. Na bado haendi.

Jambo rahisi ni kusema kwamba mtu huyo ni mzembe, au hana elimu. Maelezo ya namna hiyo husikika mara nyingi mikutanoni, na hayajawahi kumpeleka mtu yeyote kituoni.

Swali hilohilo liliwasumbua maofisa wa afya wa Marekani katika miaka ya 1950. Waliweka huduma ya kupiga picha ya kifua ili kuwagundua wenye kifua kikuu mapema. Huduma ilikuwa bure, na magari yake yalifika mitaani karibu na milango ya watu. Watu wengi hawakutokea. Mtaalamu wa saikolojia Godfrey Hochbaum alikwenda kuwahoji watu wazima zaidi ya elfu moja katika miji mitatu, na matokeo aliyoyatoa mwaka 1958 bado yanafundishwa. Miongoni mwa walioamini mambo mawili, kwamba wao wenyewe wanaweza kuupata ugonjwa na kwamba kugunduliwa mapema kunasaidia, asilimia 82 walikuwa wamewahi kupiga picha kwa hiari yao. Miongoni mwa wale wasioamini lolote kati ya hayo, waliopiga walikuwa asilimia 21. Wote walikaa katika miji ileile, na huduma ilikuwa ileile. Kilichowatenganisha kilikuwa ndani ya vichwa vyao.

Kutokana na kazi hiyo, Hochbaum na wenzake akiwamo Irwin Rosenstock walijenga maelezo ambayo kwa lugha nyepesi yanasema hivi: kabla ya kuchukua hatua, mtu hupima moyoni kama hatari inamhusu yeye, kama hatari hiyo ni kubwa, kama hatua anayoshauriwa inafaa kitu, na kama gharama ya hatua hiyo haizidi faida yake. Kisha huhitaji kitu cha kumsukuma siku hiyo, kiwe kidogo namna gani.

Mchimbaji wa mfano akipimwa kwa mizani hiyo, uzembe wake unayeyuka. Je, hatari inamhusu? Yeye anaamini kikohozi chake ni vumbi, kwa kuwa wote walioko duarani wanakohoa. Jambo ambalo kila mtu analo halionekani kuwa ugonjwa. Hapo ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayomponza. Vumbi la miamba migumu yenye silika huingia ndani kabisa ya mapafu na kuyaacha na makovu ambayo hakuna dawa ya kuyafuta, na mapafu yenye makovu hayo hushambuliwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Vumbi na kifua kikuu basi si maelezo mawili yanayoshindana. Moja humfungulia mlango mwenzake. Je, ugonjwa ni mkubwa? Anajua unaua, lakini ameona watu wakifa kwa kufukiwa na kifusi, na kifo cha polepole hakitishi mbele ya kile cha ghafla. Je, hatua inafaa? Anasikia dawa ni za miezi sita, na hajui hata kama mwezi ujao atakuwa Geita, Chunya au Kahama.

Gharama ndiyo sehemu nzito zaidi. Huduma ni bure, lakini siku si bure. Mtu asiyeshuka duarani leo hana fungu katika mawe yanayopanda leo. Wenzake wakijua anameza dawa za kifua, huenda wakamkwepa kambini, wasichangie naye kikombe wala turubai. Tena anajua kwamba akifika kituoni ataulizwa kuhusu kupima Virusi vya UKIMWI, na swali hilo analiogopa kuliko kikohozi chenyewe. Labda aliwahi kwenda mahali fulani akajibiwa kwa ukali mbele ya watu. Ukijumlisha yote hayo, kubaki kambini ni uamuzi wenye hesabu, ingawa hesabu yake ina kosa la kuua.

Ndiyo sababu wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapokwenda machimboni na vikopo vya makohozi hawafanyi kazi ya huruma tu, wanabadilisha hesabu. Siku haipotei, safari haipo, na kwa kuwa kikopo kinatolewa kwa kila anayekohoa, hakuna anayenyooshewa kidole. Mashine za kisasa zinazotambua vinasaba vya mdudu huyo hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi tangu sampuli ianze kupimwa. Mtu ambaye mabango ishirini hayakumtikisa huenda akatikiswa na kikopo kilichowekwa mkononi mwake.

Lipo jambo la ndani zaidi ya hesabu, nalo ni maana. Howard Leventhal, mtaalamu mwingine wa Marekani, alionyesha pamoja na wenzake kwamba mgonjwa hafuati ugonjwa alionao kwa mujibu wa daktari, bali anafuata ugonjwa anaoufahamu mwenyewe: jina aliloupa, chanzo anachoamini, muda anaodhani utadumu, madhara anayoyatarajia na tiba anayoiona inafaa. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1985, wagonjwa wa shinikizo la damu walikubali kwamba mtu hawezi kuhisi presha yake imepanda. Wagonjwa haohao wakasema kwamba wao wenyewe huihisi, kisha wakameza au kuacha dawa kwa kufuata hisia hizo. Katoro ina watu wa aina hiyo wengi, na baadhi yao wamesoma sana.

Jina likibadilika, njia ya tiba hubadilika. Mtoto mwenye homa hupelekwa zahanati; mtoto huyohuyo akianza kutupa miguu na macho kugeuka, wazazi wengi hapo zamani waliona ni degedege, kitu cha upepo au ndege apitaye usiku, na wakampeleka kwa mganga kwanza. Mdudu wa malaria hakuwa amebadilika, ila alikuwa amefika kwenye ubongo, yaani saa ile ambayo sindano ilihitajika kuliko wakati mwingine wowote. Wahudumu waliofanikiwa hawakuwaambia kina mama kwamba degedege haipo. Waliwaambia kwamba degedege ipo, wanaijua, na dawa yake iko kituoni. Neno la mama halikudharauliwa, bali liliongezewa njia.

Upande wa chanzo unaweza kuleta maafa makubwa zaidi. Katika ukanda huu wa Shinyanga, Mwanza na Geita, swali "kwa nini niugue mimi, tena sasa?" limejibiwa mara nyingi mno kwa kumtaja mtu. Bibi vizee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na alama iliyotumiwa kuwahukumu ni macho mekundu. Macho hayo yalitokana na moshi. Mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa kuni, mabua na kinyesi cha ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha huwa na macho mekundu kama mhunzi. Ugonjwa wa mtoto wa jirani ukikosa maelezo, ugonjwa wa macho wa bibi ukageuzwa kuwa ushahidi. Hapa elimu ya namna watu wanavyoeleza maradhi inakuwa suala la uhai wa mtu asiyeugua kabisa, aliyeketi nje ya nyumba yake akipepeta mtama.

Ikiwa mawazo yana nguvu kiasi hicho, je, haitoshi kuwafundisha watu? Wengi hujibu kwamba elimu ndiyo dawa. Mkoa wa Mwanza wa wakati ule, ambao Geita ilikuwa ndani yake hadi mkoa wake ulipoundwa mwaka 2012, ulilijibu swali hilo kwa uangalifu ambao sehemu chache duniani zimewahi kuufikia. Mwaka 1999 ulianzishwa mradi wa MEMA kwa Vijana, ukiwashirikisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF na chuo cha afya cha London. Jumuiya 20 za vijijini zilichaguliwa, nusu zikapata mpango na nusu zikabaki na huduma za kawaida ili ulinganisho uwe wa haki. Wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba walifundishwa kuhusu ukuaji, UKIMWI na magonjwa ya zinaa. Wahudumu wa zahanati walifunzwa kuwapokea vijana bila kuwakaripia. Vijana wenyewe walisambaza kondomu.

Miaka mitatu baadaye watafiti walirudi. Ujuzi wa vijana ulikuwa umepanda kweli, na majibu yao kuhusu mitazamo yalikuwa mazuri. Kisha damu zikapimwa. Kuhusu maambukizi ya Virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine ya zinaa, hapakuonekana tofauti ya kuaminika kati ya vijiji vilivyopata mpango na visivyopata. Uchunguzi mwingine mkubwa wa mwaka 2007 na 2008, uliowafikia vijana zaidi ya 13,000, ulikuta ujuzi ungali pale, na damu ingali ikisema vilevile.

Si matokeo ya kuaibisha. Ni miongoni mwa zawadi kubwa ambazo ukanda huu umeipa elimu ya afya, kwa sababu yalisemwa wazi badala ya kufichwa chini ya idadi ya semina zilizofanyika. Yalionyesha kwamba msichana anaweza kulijua somo lote na bado akakosa nguvu ya kulitumia, pale ambapo mwanamume mwenye fedha ana umri wa baba yake, ambapo sabuni na daftari hutoka kwa huyo mwanamume, na ambapo wakubwa wa kijiji wanaishi kinyume cha yale yanayofundishwa shuleni. Somo lilimfikia yeye. Jamii iliyomzunguka haikuguswa vya kutosha.

Mfano wa upande mwingine unatoka kanda hiihii. Tohara ya wanaume, ambayo hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa Virusi vya UKIMWI, haikuwa desturi ya Wasukuma wengi, na kampeni za serikali zilipoanza, wanaume wazima walisitasita. Maumivu na siku za kukaa bila kazi vilikuwa kikwazo. Lakini palikuwa na kingine ambacho hakikuandikwa kwenye mabango: Wakristo wengi hawakujua dini yao inasemaje. Kati ya 2014 na 2015 watafiti waliochagua vijiji 16 vya kaskazini-magharibi mwa nchi waliwapa viongozi wa makanisa ya nusu ya vijiji hivyo semina ya siku moja, wakizungumzia tohara kwa upande wa tiba, wa mila na wa maandiko, kisha wakawaachia waamue wenyewe namna ya kuwaeleza waumini. Vijiji vyote vilipata huduma ileile ya upasuaji. Katika vijiji ambavyo viongozi walifunzwa, karibu asilimia 53 ya wanaume walijitokeza. Katika vingine, karibu asilimia 30. Hapakuongezwa daktari wala dawa. Lililoongezwa ni ruhusa, iliyotoka kwa mtu ambaye mwanamume yule alikuwa amezoea kumsikiliza.

Nguvu ya kuamua pamoja ilikwisha onekana zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Kurt Lewin, mtaalamu aliyekimbilia Marekani kutoka Ujerumani, alitakiwa kusaidia akina mama wapike moyo, figo na sehemu nyingine za mnyama ambazo familia nyingi zilizidharau. (Mkazi wa Katoro aliyezoea supu ya asubuhi atashangaa kwamba ilihitajika serikali kumshawishi mtu ale figo.) Kundi moja la akina mama lilisikiliza mhadhara mzuri juu ya lishe, jingine lilijadiliana, kisha wakanyosha mikono kuonyesha nani yuko tayari kujaribu. Waliosikiliza mhadhara, asilimia 3 walipika. Waliojadiliana na kuamua mbele ya wenzao, asilimia 32. Ni takwimu isiyopendeza kutajwa katikati ya mhadhara, lakini ndiyo kweli.

Tanzania ilifanya jambo la namna hiyo kwa ukubwa wa nchi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu kuhusu malaria, safura, kichocho, kuhara na kifua kikuu, wakajadiliana, na kabla ya kutawanyika wakakubaliana cha kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Wiki iliyofuata waliketi tena palepale, na kila mmoja alijua nani amechimba na nani hajachimba. Wazee wa leo bado wanakumbuka wimbo wa redio ile. Wachache wanakumbuka kwamba nguvu yake ilikuwa katika kile kikao cha baada ya redio kuzimwa.

Zebaki nayo inahitaji kikao cha namna hiyo. Wachenjuaji wengi wamekwisha ambiwa kwamba mvuke wake huharibu ubongo na neva, huleta kutetemeka mikono na kusahau, na humdhuru mtoto aliyeko tumboni. Lwamgasa ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi wa kimataifa wa zebaki mwanzoni mwa miaka ya 2000, na uchunguzi wa kitabibu ulikuta dalili za sumu hiyo kwa watu wanaochoma dhahabu. Kifaa cha kunasa mvuke kipo, ni cha chuma, na fundi wa kawaida anaweza kukitengeneza. Kwa nini basi dhahabu bado inachomwa kwenye bati juu ya moto wa kupikia, watoto wakiwa karibu? Sababu moja ni kwamba mvuke wa zebaki hauna harufu na madhara yake huchelewa. Sababu nyingine haijulikani sana na wataalamu wa mjini: kifaa kilichofungwa huificha dhahabu. Watu watano wanaogawana mafungu wanataka wote waione ikibadilika rangi kutoka nyeupe hadi njano. Wanachokilinda pale ni uaminifu kati yao. Mwenye kuleta kifaa bila kuleta njia ya kuulinda uaminifu huo atakikuta kimegeuzwa kigoda.

Inafaa kugusia pia msongo wa mawazo, maana wapo wanaouona kuwa ugonjwa wa matajiri. Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu 394 wenye afya walijitolea kutiwa puani virusi vya mafua, baada ya kuulizwa kuhusu mizigo ya maisha yao. Kadiri mtu alivyokuwa na msongo mkubwa zaidi, ndivyo alivyokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuambukizwa na kuugua. Mawazo basi hayakai kichwani tu. Huteremka katika kinga ya mwili. Maisha ya mtu ambaye leo amepata fedha za mwaka mzima na kwa miezi mitatu iliyofuata hakupata hata nauli, ambaye mke wake yuko kijiji cha mbali na deni lake liko hapa, ni maisha ya msongo, na pombe anayoitumia kuupunguza humharibia ini na humsahaulisha dawa.

Juu ya dawa za muda mrefu, wakazi wana haki ya kujua kwamba njia ambayo dunia ilikuja kuifuata ilipevushwa katika nchi hii. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na Dk. Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, alishirikiana na wahudumu wa Tanzania kuonyesha kwamba nchi maskini inaweza kuwaponya wagonjwa wengi wa kifua kikuu ikiwa dawa hazikatiki, kila mgonjwa anaandikwa katika daftari, na yupo mtu anayefuatilia kama anameza. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliieneza njia hiyo ulimwenguni. Baadaye Tanzania ilimpa mgonjwa nafasi ya kuchagua: amezee dawa kituoni, au nyumbani chini ya uangalizi wa mtu anayemwamini. Anaweza kuwa mke, kaka, hata mwenye nyumba.

Mgonjwa wa machimboni huishia njiani kwa sababu inayojulikana. Baada ya wiki chache homa huondoka, kikohozi hupungua, mkanda hurudi tundu lake la zamani. Kwa ufahamu wake amepona. Kwa kweli ya mapafu yake wadudu waliobaki ni wale wagumu. Siku hizohizo hufika habari kwamba dhahabu imetoka mahali papya, na kambi nzima inahama usiku mmoja. Hakukusudia kuacha dawa. Amehama tu, na daftari limebaki nyuma.

Kwa hiyo anayehama na afike kwanza mahali alipokuwa akichukulia dawa. Huandikiwa fomu ya uhamisho, na kituo cha huko aendako humpokea bila kuanza upya na bila malipo. Kama aliondoka usiku bila fomu, aende kituo cha karibu na alipo, na aeleze alikoanzia. Hatafukuzwa wala hatashtakiwa. Msimamizi wa duara anayewajua watu wake anaweza kumruhusu mgonjwa nusu siku bila kumkata fungu, na mwenye karasha anaweza kumwagia mawe maji kabla ya kusaga. Wanaokaa naye nyumba moja nao wapimwe, hata kama hawakohoi, na watoto wa chini ya miaka mitano wasiachwe nyuma siku hiyo, kwa kuwa ipo dawa ya kuwakinga nayo hutolewa mapema.